Droo ya Yakobo

Mvua ya Edinbra haina adabu, huingia na mgeni.
Aliingia nayo Aleyama, mwanamke wa Kottayam,
sari imelowa hadi magotini, koti la kuazima juu,
akauliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuuliza kwingine:
"Wayakobo mnao?"

Nikasema tunao. Tele. Kabati zima.
Miaka thelathini na mmoja napanga kadi humu,
najua kila droo inapokwama.
Nikamtolea bilauri: waridi limechorwa kiooni,
vitumba viwili ubavuni mwake.
Nikamweleza walivyoipitisha juu ya bakuli la maji
wakimnywea heri mfalme aliye ng'ambo
bila kumtaja,
maana kumtaja ni kitanzi.

Akaitazama kwa upole, kama mwalimu anavyomtazama mtoto
aliyeletwa darasani kwake kwa makosa.
"Huyu askofu wenu," akasema, "alikuwa mlevi?"

Tukacheka mpaka mlinzi akakohoa.

Wayakobo wake yeye hufunga siku hamsini,
huimba Kisiria ambacho bibi yake alikijua kwa masikio tu.
Wanaitwa hivyo kwa ajili ya askofu wa zamani sana
aliyezunguka nchi amevaa matambara ya tandiko,
akiweka mikono juu ya vichwa vya makasisi gizani
huku askari wa kaisari wakiuliza njia.
"Jina tulipewa na waliotuchukia," akasema.
"Tukalivaa. Palikuwa na baridi."

Nikajaribu kufunga droo. Ikagoma.
Nyuma kabisa zilijikunja kadi nyingine:
watawa wa Paris, kanzu nyeupe, joho jeusi,
Wayakobo kwa sababu tu nyumba yao ya kwanza
ilikuwa mtaa wa Mtakatifu Yakobo,
kama abiria kuitwa jina la kituo anachoshukia.
Karne zikapita. Watu wasiopenda watawa
wakakodi ukumbi kwa watawa wa kanzu hiyohiyo.
Humo wakapiga makofi, wakapiga kura,
na nje, baadaye, vichwa vikaanguka.
Wapinzani walikuwa wamewacheka mapema: *tazama Wayakobo!*
Nao wakaiokota kejeli, wakaipepea.

Na njiwa.
Yupo njiwa mwenye manyoya yaliyosimama shingoni
mithili ya kofia ya mtawa. Naye ni Myakobo.
Hajapiga kura. Kwaresima haijui.
Mfalme akipita chini yake,
atamfanyia anachomfanyia kila mtu.

Aleyama alikuwa amevua viatu, soksi zake ziko juu ya kipasha joto.
"Mfalme wenu mwenyewe aliitwa Yakobo?"
"Mtaani, Jemsi. Kwenye Kilatini, Yakobo."
"Baba yangu ni Chacko," akasema. "Ndilo hilohilo.
Limetembea kwa miguu mpaka kwetu,
lazima lingechakaa."

Nikamwaza pacha yule wa Mwanzo
aliyetoka tumboni mkono umekamata kisigino cha nduguye.
Nilitaka kusema neno la maana hapo.
Nikasema chai itapoa.

Alipomaliza kikombe aliomba penseli.
Akachukua kadi tupu, akaandika polepole,
herufi za duara, kama anayesuka kikapu:
*Chacko, wa Kottayam. Mkulima wa mpira.
Alifunga siku zote hamsini.
Hakumpindua mtu.*

Kanuni zetu haziruhusu.
Kadi haina namba, haina mwaka, haina ushahidi
ila maji ya sari yanayochuruzika sakafuni.
Nikaiingiza kati ya mfalme na njiwa,
nikasukuma kwa nyonga kama ninavyosukuma siku zote.

Droo, safari hii, ikafungika.